Mwongozo Kamili wa Kuunda na Kurusha Roketi ya Mfano ya Ukubwa wa Kati

Roketi ndogo ya karatasi yenye uzito wa gramu mia moja husamehe makosa mengi. Pezi, yaani bawa dogo la mkiani, likikaa upande kidogo au mwavuli ukikataa kufunguka, roketi itaanguka nyasini na utaiokota ikiwa na mchubuko tu. Roketi ya ukubwa wa kati haina msamaha huo. Uzito wake ni kati ya nusu kilo na kilo moja na nusu, huruka kwa mota (mirija ya baruti inayoisukuma) za daraja la E, F au G, inaweza kufikia mwendo wa mita 100 kwa sekunde, na ikirudi bila mwavuli huja kama mkuki. Ndiyo maana karibu kila jambo litakaloiokoa au kuiangamiza huamuliwa mezani, siku nyingi kabla ya kubonyeza swichi.

Nitafuata roketi moja tangu mwanzo hadi mwisho ili tarakimu zote zihusiane. Mwili wake ni mrija wa karatasi ngumu wenye kipenyo cha nje cha milimita 66. Urefu wake wote, pamoja na pua ya sentimita 20, ni milimita 1,100. Ina mapezi matatu ya plaiwudi ya milimita 3, na ndani yake kuna mrija wa mota wenye kipenyo cha milimita 29. Ikiwa na mwavuli wake lakini bila mota, ina gramu 700.

Kuchagua mota

Usianze na mrija wala rangi. Anza na mota, kwa kuwa ndiyo inayoamua uzito unaoweza kubebwa, ukubwa wa uwanja na hata urefu wa fimbo ya kurushia, ile inayoiongoza roketi inapoanza kupanda. Mota hupangwa kwa herufi kulingana na msukumo wa jumla, yaani kani ikizidishwa kwa muda ambao mota inawaka, na kikomo cha kila herufi ni mara mbili ya kile cha herufi iliyotangulia: E huishia nyutoni-sekunde 40, F huishia 80 na G huishia 160. Mtu anayetoka kwenye C, inayoishia 10, na kurukia G, ameongeza kikomo cha nguvu mara 16, na hilo linastahili kufikiriwa kwa utulivu.

Ubavuni mwa mota huandikwa msimbo mfupi, tuseme G80-7. Herufi ni daraja, 80 ni kani ya wastani kwa nyutoni, na 7 ni sekunde ambazo kicheleweshi kitaungua baada ya msukumo kwisha, kabla ya baruti ndogo ya kufyatua mwavuli kulipuka. Katika sekunde hizo roketi inaendelea kupanda kwa kasi iliyokwisha kupata, na lengo ni mwavuli utoke pale inapokaribia kusimama angani. Ukitoka mapema mno, roketi ikiwa bado inakimbia, kamba zitararua kitambaa au kupasua mrija. Ukichelewa mno, roketi itakuwa imekwisha kugeuka na kushika kasi kuelekea ardhini, na madhara ni yale yale.

Wengi hufuata kanuni kwamba kani ya wastani isipungue mara 5 ya uzito wa roketi. Kanuni hiyo ni nzuri lakini haitoshi, na hapa ndipo wanaoanza huteleza. Roketi yetu ikiwa na mota ya gramu 120 ina gramu 820, yaani uzito wa nyutoni 8 hivi. Mota ya nyutoni 40 inatimiza kanuni barabara. Hata hivyo, katika fimbo inayoiongoza kwa mita 1.5 roketi itaondoka kwa takriban mita 11 tu kwa sekunde, mwendo ambao mapezi bado hayajapata hewa ya kutosha kuinyoosha. Mota ya nyutoni 80 katika fimbo hiyo hiyo itaiachia ikiwa na mita 16 kwa sekunde. Mimi sirushi roketi ya uzito huu chini ya mita 14 kwa sekunde, na upepo ukiwepo hutaka zaidi. Anayetaka kutumia mota ya pole kwa sababu inawaka muda mrefu na kupendeza macho atafute kwanza fimbo au reli ndefu zaidi ya kuiongoza.

Mota hununuliwa kwa watengenezaji waliosajiliwa, haitengenezwi nyumbani, na jambo hili halina mjadala. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu huko Nebraska, Marekani, aliunda roketi ya karatasi yenye mota ndogo inayobadilishwa. Miaka mitatu baadaye alimwandikia G. Harry Stine, mhandisi wa roketi aliyekuwa ameandika kuhusu vijana waliokuwa wakijeruhiwa na kufa kwa kujaza kemikali ndani ya mabomba ya chuma. Mchezo wote huu ulizaliwa kama jibu kwa majeraha hayo, na jibu lenyewe lilikuwa kumwachia kiwanda kazi ya baruti huku mrushaji akibaki na kazi ya karatasi, mbao na hesabu. Kabla ya kununua mota, uliza sheria za vilipuzi na za usafiri wa anga za nchi uliko, kwa sababu mahali pengine mota za daraja hili huhitaji kibali au umri fulani.

Uthabiti angani

Roketi hunyooka kwa sababu kitovu cha uzito kipo mbele ya kitovu cha hewa, yaani ile nukta ambapo nguvu zote za hewa zinazoisukuma kutoka ubavuni huwa kama zimekusanyika. Pua ikiyumba upande mmoja, hewa husukuma mkia zaidi kuliko pua, na roketi inarudi kwenye mstari wake. Vitovu hivyo vikibadilishana nafasi, roketi itajipinda hewani na kuzungukazunguka, na hakuna mota itakayoirekebisha.

Umbali unaotakiwa kati ya vitovu hivyo ni mara 1 hadi 2 ya kipenyo cha mwili. Kitovu cha uzito unaweza kukipata kwa kuilaza roketi iliyokamilika, pamoja na mota na mwavuli uliokunjwa, juu ya ukingo mwembamba hadi isiegemee upande wowote. Kitovu cha hewa hutafutwa kwa hesabu ambazo mhandisi James Barrowman alizifafanua katika miaka ya 1960, na siku hizi programu ya bure ya OpenRocket huzifanya papo hapo. Katika roketi yetu, kila pezi lina urefu wa milimita 150 pale linaposhikana na mwili na milimita 75 nchani, linatokeza milimita 90 nje ya mwili, na ukingo wake wa mbele umerudi nyuma milimita 75. Kwa vipimo hivyo kitovu cha hewa kipo karibu milimita 883 kutoka ncha ya pua. Ikiwa mizani imeonyesha kitovu cha uzito kipo milimita 760, tofauti ni milimita 123, yaani kipenyo 1.9. Hiyo ni hali njema kabisa.

Msomaji asidhani kwamba kuongeza umbali huo ni kuongeza usalama. Roketi yenye ziada kubwa mno, tuseme vipenyo 4, huwa na tabia ya kugeukia kule upepo unakotoka mara tu inapoacha fimbo, ikaenda kwa mshazari mrefu badala ya kupanda. Na mota nzito kuliko ile uliyopimia huvuta kitovu cha uzito nyuma, kwa hiyo pima upya kila unapobadilisha mota.

Kuunda mkia

Kazi kubwa ipo katika sentimita 20 za nyuma. Anza kwa kugawa mzingo wa mrija. Zungushia ukanda wa karatasi, weka alama pale unapokutana, uutandaze na kuugawa sehemu tatu. Kwa kipenyo cha milimita 66 kila sehemu ni milimita 69 na nukta chache. Hamishia alama kwenye mrija, kisha tumia kipande cha chuma cha pembe kilicholala sambamba na mrija kuchora mistari mirefu iliyonyooka. Mstari uliopinda hapa utakuwa pezi lililopinda, na pezi lililopinda huizungusha roketi kama parafujo.

Kata nafasi za mapezi zenye upana wa milimita 3 kwa wembe mpya, ukipitisha mara nyingi kwa mkono mwepesi badala ya kukandamiza mara moja. Acha sentimita moja ya mrija bila kukatwa upande wa nyuma ili mwili usitanuke. Mapezi yenyewe yakatwe yakiwa na ulimi unaopenya ukuta wa mwili na kugusa mrija wa mota, kwa kuwa pezi lililobandikwa juu ya karatasi tu halihimili mtikisiko wa mota za G. Nyuzi za plaiwudi za tabaka la nje zielekee sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Zikielekezwa vingine pezi hukatika kirahisi roketi inapotua kwa mkia.

Mrija wa mota hushikwa katikati ya mwili kwa pete mbili za plaiwudi. Kabla ya kubandika chochote, funga kamba ya mwavuli kwenye mrija huo, mbele ya pete ya juu, na kuipitisha katika tundu la pete hiyo. Baadaye mkono hautafika. Kwaruza kila sehemu itakayoguswa na gundi kwa msasa wa namba 80 hadi mng'aro wa karatasi upotee. Kwa mbao na karatasi, gundi nzuri ya mbao inatosha, lakini kwa viungo vya mkia ninapendelea epoksi inayochukua nusu saa au zaidi kuganda, kwa sababu ile ya dakika tano huganda kabla haijapenya na haivumilii joto vizuri.

Bandika mapezi moja moja, ukiegemeza kila moja kwa mwongozo wa karatasi ngumu uliokatwa kwa pembe sahihi, na usiguse hadi gundi ishike. Kisha mimina mstari wa epoksi katika kila kona ambapo pezi hukutana na mrija, ndani na nje, ukiulainisha kwa kidole kilichovaa glovu na kuloweshwa spiriti. Ilaze roketi ili kona unayoijaza itazame juu, subiri igande, ndipo uigeuze. Kona sita za nje huchukua jioni tatu kwa mtu mwenye subira, na hizo ni jioni zenye faida.

Mwishoni mwa mrija wa mota weka kizuizi cha chuma au cha skrubu kinachoizuia mota isisukumwe nyuma. Nilijifunza umuhimu wake kwa uchungu. Nilikuwa na roketi yenye pua ya mbao, na mota niliizungushia tepu tu ili ibane. Nyumbani pua ilitoka vizuri. Asubuhi ya kurusha, umande ulikuwa umeivimbisha shingo yake inayoingia ndani ya mrija na sikuijaribu tena. Baruti ilipolipuka juu angani, pua iligoma, mota ikatoka nyuma peke yake, na roketi niliyoifanyia kazi wiki sita ikazama ardhini hadi theluthi ya urefu wake. Tangu siku hiyo naijaribu pua uwanjani, dakika chache kabla ya kuipeleka roketi kwenye fimbo. Ukiishika roketi kwa pua, mwili usianguke kwa uzito wake, lakini ukiitikisa kidogo uteleze na kutoka. Ikibana, punguza kwa msasa. Ikilegea, ongeza tepu ya karatasi.

Toboa pia tundu la milimita 3 ubavuni mwa mwili, chini kidogo ya shingo ya pua. Roketi inapopanda, hewa ya nje hupungua haraka kuliko iliyofungiwa ndani, na bila tundu hilo hewa ya ndani inaweza kuisukuma pua itoke kabla ya wakati.

Mwavuli na kamba zake

Mwendo unaofaa wa kushuka ni mita 5 kwa sekunde hivi. Kwa roketi yetu, iliyobaki na gramu 760 baada ya baruti kuungua, mwavuli wa duara bapa unapaswa kuwa na kipenyo cha sentimita 90 hivi. Mkubwa kuliko huo unaonekana salama zaidi, ila angalia hesabu ya upepo: kutoka mita 380, kwa mita 5 kwa sekunde, roketi hukaa angani sekunde 76, na upepo wa mita 4 tu kwa sekunde utaichukua zaidi ya mita 300. Nimewaona watu wakitembea nusu siku kutafuta roketi iliyoruka dakika moja na nusu.

Kamba inayounganisha pua na mwili iwe na urefu wa mara 3 hadi 5 ya roketi, kwa hiyo hapa mita 4 ndizo za kuanzia. Kamba fupi husababisha pua irudi kwa kishindo na kuupiga mrija. Sehemu iliyo karibu na mota iwe ya Kevlar, aina ya uzi mgumu wa kiwandani, kwa kuwa haiungui kwa urahisi. Iliyobaki iwe utepe wa nailoni. Mwavuli ufungwe theluthi moja ya kamba kutoka kwenye pua, ili vipande viwili vinavyoning'inia visigongane.

Namna ya kukunja inastahili uangalifu wa pekee. Utandaze mwavuli, ushike kileleni, uvute kamba zote zinyooke kwa pamoja na uhakikishe hakuna iliyopita juu ya mwenzake. Kunja kitambaa kiwe pembetatu ndefu, kikunje tena mara mbili au tatu kwa urefu, kisha laza kamba juu yake kwa mkunjo wa kwenda na kurudi. Usizizungushe kwa kukaza nje ya kitambaa, maana ndicho kisa cha miavuli mingi kutofunguka. Funika furushi zima kwa kitambaa kisichoshika moto, upande uliofungwa ukitazama mota. Furushi liteleze ndani ya mrija bila kusukumwa. Ukihitaji kulisindilia kwa kidole, likunje upya.

Rangi ifuate baadaye, nyepesi, tabaka mbili zinatosha. Chagua inayoonekana katika nyasi na angani kwa pamoja, kama machungwa au waridi kali, na kumbuka kupima uzito tena baada ya kukauka.

Siku ya kurusha

Kanuni za usalama za NAR, chama cha kitaifa cha mchezo huu cha Marekani, zimeigwa na wengi, na ni msingi mzuri hata pale ambapo sheria haizitaji. Roketi ya mfano isizidi gramu 1,500 inapoondoka wala kubeba zaidi ya gramu 125 za baruti. Kwa mota za E hadi G, uwanja uwe na mita 300 hivi hata upande wake mwembamba. Upepo usizidi kilomita 32 kwa saa. Binafsi huacha kurusha upepo unapopita 20, kwa sababu roketi hupotea kabla haijavunjika. Kusiwe na ndege wala mawingu katika njia yake, na fimbo isiinamishwe zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima.

Fimbo ya roketi hii iwe ya milimita 6 na imara, au reli ya alumini, kwa sababu fimbo nyembamba hupinda na kuchapa kama fito. Chini yake weka bamba la chuma la kukinga moto, na fyeka nyasi kavu kuzunguka jukwaa. Fimbo ikiwa imesimama bila roketi, ncha yake iwe juu ya usawa wa macho au ifunikwe kwa kofia. Jicho la mtu anayeinama halisamehewi.

Kiwashi, yaani waya wa umeme unaowasha mota, huingizwa mwisho kabisa, roketi ikiwa tayari juu ya fimbo. Katika mota za mchanganyiko wa amoniamu perkloreti na mpira, ambazo ndizo nyingi katika madaraja haya, ncha ya kiwashi lazima ifike juu kabisa ya tundu la baruti. Ikiishia katikati, mota inaweza kuwaka kivivu na kukosa kani ya kuondoka. Pima kina kwa kuweka kiwashi ubavuni mwa mota, kunja alama kwenye waya, kisha ingiza hadi alama. Nyaya zake zisigusane, na vibano vinavyoziunganisha na umeme visiguse bamba la chuma.

Ufunguo wa usalama wa kisanduku cha swichi ukae mfukoni mwa anayeunganisha nyaya, hadi atakaporudi nyuma. Umbali kutoka kwenye roketi kwa mota kubwa kuliko D ni mita 9 au zaidi, na watazamaji wasimame nyuma ya mrushaji, wote wakiwa wima na kutazama roketi. Tangaza, angalia anga mara ya mwisho, hesabu kwa sauti kuanzia 5, na bonyeza.

Ikitokea kimya, chomoa ufunguo au tenganisha betri, kisha ngoja sekunde 60 kamili kabla ya mtu yeyote kusogea. Mara nyingi kosa ni betri dhaifu au kibano chenye kutu, na kiwashi kipya humaliza shida.

Mara roketi inapoondoka, mtu mmoja aifuate kwa macho bila kuacha, na aeleze kwa sauti anachokiona, hadi itue. Akikumbuka mti au jengo lililokuwa nyuma ya mahali ilipoangukia, mwendo wa kuitafuta hunyooka. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, iache hapo hapo na uwaarifu wenye nyaya.

Itakaporejea mikononi, subiri mota ipoe ndipo uitoe. Pitisha kucha katika kona za gundi kutafuta ufa, kagua kamba pale inapogusa ukingo wa mrija kwa sababu hapo ndipo hukatika kwanza, na tazama kitambaa cha kinga kama kina matundu. Andika mota uliyotumia, uzito, upepo, na kama mwavuli ulitoka roketi ikiwa bado inapanda, imesimama, au inashuka. Kwa roketi ya gramu 820 yenye mota ya G ya nyutoni-sekunde 100, nategemea kimo cha kati ya mita 350 na 400 na kicheleweshi cha sekunde 7. Ukiona mwavuli unatoka roketi imekwisha kuinamia chini, mrusho unaofuata uchukue mota yenye sekunde mbili pungufu.